Noah ya mkopo imeunguza gasketi, deni bado milioni 8: nitengeneze, niuze au niirudishe benki?

Mama Pilau wa Makorora

Assalaam alaykum jamani, na wengine wote habari za jioni. Swali langu refu kidogo, mnivumilie, maana hapa mtaani kila ninayemuuliza ana njia yake na zote zinagongana.

Mie kazi yangu ni kupika shughuli: harusi, maulidi, hitima, vikao vya maofisini. Nilichoka na kirikuu za kukodi. Unataka chakula kiwe ukumbini saa sita, saa tano na nusu dereva anakwambia bado yuko Pongwe anapakia simenti ya mtu. Nikanunua gari yangu. Toyota Noah ya 2004, ile ya injini ya D4, kutoka yadi moja hapa Tanga mjini, milioni 15 na nusu. Milioni 5 na nusu ni zangu, za kibubu na mchezo wetu wa kina mama. Milioni 10 mkopo wa benki, miaka mitatu, riba asilimia 18 kwa mwaka inayopungua na deni. Kila mwezi nalipa 361,500. Kadi imeandikwa jina langu na la benki, na wanayo wao. Bima kubwa ipo. Mdhamini ni shemeji yangu, mwalimu wa sekondari, mtu asiyependa maneno, ndiyo maana usingizi hauji.

Gari ilinitumikia vizuri mpaka shughuli ya Lushoto. Tulipanda na masufuria, majiko ya gesi na wasaidizi wangu. Kona za Soni zilipoanza, mshale wa joto ukapanda. Mpwa wangu anayeendesha akasimama, akaongeza maji, tukaendelea. Chakula kilifika na watu walikula, alhamdulillahi. Kurudi ikazima Mombo, moshi mweupe nyuma, maji yanarudi juu kwenye rejeta kama yanachemka. Kuivuta mpaka Tanga wamenitoza laki 2 na nusu.

Fundi wangu wa Ngamiani ameifungua. Anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, yaani ile inayoziba kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na bloku, kiwiliwili chake. Hedi imepinda, na nyuzi za matundu ya bolti kwenye bloku zimetoka. Bei zilizopo mezani ni hizi. Kuitengeneza hiyohiyo, milioni 2 na laki 6. Kuleta injini ya mtumba kutoka Dar na kuifunga, milioni 3 na laki 4. Halafu kuna dalali amekuja mwenyewe bila kuitwa, anataka kuichukua ilivyo kwa milioni 6 taslimu. Salio la mkopo nimeambiwa milioni 8 na laki 4 na elfu 50.

Kaka yangu yeye anasema niache kulipa, niwapelekee benki ufunguo, kwa kuwa kadi wanayo wao basi hasara ni yao. Nauliza wenye uzoefu: mnunuzi kama mie ana njia gani hapa? Pesa mkononi ninayo laki 9 tu, na mwezi ujao nina harusi mbili.

Dogo wa Kange

Noah ya D4? Pole mama. Hiyo injini ukitaja jina lake mafundi wanaanza kufanya hesabu ya ada za watoto.

Ila kaka yako yuko sahihi. Warudishie gari yao. Utatengeneza kwa milioni 2, mwezi wa pili inakufa gia boksi, na deni bado liko palepale. Benki wana hela, wewe una masufuria.

Fundi Chuda

Dogo, acha kumtisha mama wa watu.

Mama, nimefungua hizi injini nyingi. Inaitwa 1AZ-FSE. Bloku yake ni ya aluminiamu na ugonjwa wake unajulikana: bolti za hedi za upande wa nyuma, ule unaoelekea kwa dereva, zinavuta nyuzi za bloku. Ikishafika hapo hedi haibanwi sawa, gasketi inapitisha, gesi ya moto inaingia kwenye njia ya maji. Ndiyo hayo maji uliyoona yanachemka. Kwa hiyo fundi wako hajakudanganya.

Kutengeneza inawezekana na inadumu, lakini kwa sharti. Matundu yanachimbwa upya na kuwekewa nyuzi za chuma, YOTE, siyo yale mawili matatu yaliyotoka. Hedi inapelekwa kwa watu wa mashine ipimwe na kusawazishwa, bolti mpya, gasketi ya chuma yenyewe. Akikwambia ataziba kwa gundi ya chuma na kurudisha bolti za zamani, chukua gari yako uondoke. Muulize pia hiyo milioni 2.6 ina nini ndani, akuandikie spea mbali na ufundi mbali.

Injini ya mtumba mimi siipendi kwa hii gari. Inayokuja ni 1AZ ileile, imetoka kwenye gari iliyokatwa huko Japani, na bolti zake hujui zina hali gani. Utalipa zaidi kununua ugonjwa uleule. Na dhamana ya wauza injini wengi ni kuiwasha mbele yako, ikinguruma mmemalizana.

Nina swali. Fundi alipofungua, alikuta dalili kwamba imeshawahi kufunguliwa huku nyuma? Aangalie silikoni ya rangi kwenye maungio, vichwa vya bolti vilivyochubuka, na hayo matundu kama yapo yenye nyuzi za kuwekewa. Muulize kabla hajasafisha chochote.

Mzee wa Mikanjuni

Mwanangu, nimekaa dawati la mikopo benki miaka mingi kabla ya kustaafu. Sina wa kumtetea, nakueleza yanavyokwenda ndani.

Nianze na kaka yako na huyu kijana wa Kange, maana ushauri wao ndio unaotia watu umaskini. Una mikataba miwili, siyo mmoja. Mmoja ni wa gari, kati yako na mwenye yadi. Wa pili ni wa fedha, kati yako na benki. Benki haikukuuzia gari, ilikukopesha milioni 10, na jina lake liko kwenye kadi kwa sababu gari ni dhamana. Injini ikifa, mkataba wa fedha haupati hata mafua. Ukipeleka ufunguo watalipokea gari, wataliuza kwa mnada likiwa bovu, na katika bei itakayopatikana watatoa kwanza gharama za kulivuta, kulitunza na dalali. Kitakachobaki ndicho kitapunguza deni. Upungufu utaufuata wewe, na ukishindwa wewe atafuatwa mwalimu shuleni kwake. Malipo yakichelewa siku 90 mkopo unahesabiwa chechefu, yaani usiolipika, taarifa zako ziko kwenye kanzidata ya mikopo ya Benki Kuu, na kesho ukitaka hata mkopo wa friza la biashara, afisa anafungua kompyuta anakuona.

Sasa hesabu za dalali. Anakupa milioni 6, unadaiwa 8,450,000. Unatakiwa utoe mfukoni 2,450,000 ndipo benki iachie kadi. Fundi anataka 2,600,000. Umeona? Tofauti ni laki na nusu. Kwa fedha ileile karibu, upande mmoja una gari linalotembea, upande mwingine unarudi kukodi kirikuu. Dalali hakuja bila kuitwa kwa ajili ya kukuonea huruma. Noah likiwa zima, bei uliyonunulia unaijua mwenyewe. Hata ukiamua kuachana nalo, liuze baada ya kupona.

Na kama atarudi na maneno ya "chukua hela, kadi tutashughulikia baadaye", mfukuze. Kuuza gari lililo dhamana bila benki kujua ni kuvunja mkataba, na linaweza kufika polisi. Njia ya halali ni kukaa watatu ofisini benki: mnunuzi anaingiza fedha kwenye akaunti ya mkopo, wewe unaongeza upungufu, benki inatoa barua ya kuachia dhamana pamoja na kadi, ndipo mnakwenda TRA kubadilisha umiliki. Omba kwa maandishi kiasi cha kumalizia mkopo. Salio unaloambiwa kwenye simu mara nyingi halina riba ya siku za katikati wala ada ya kumaliza mapema kama ipo.

Fedha za matengenezo utazipata wapi? Nenda benki KABLA hujachelewesha rejesho hata moja. Andika barua, ambatisha ripoti ya fundi yenye saini na picha za injini, omba upangiwe upya marejesho. Mfano omba miezi mitatu ulipe riba peke yake. Kwa salio lako riba ya mwezi ni kama 126,750, kwa hiyo kila mwezi unabakiwa na karibu 234,750. Miezi mitatu ni laki 7 na kitu. Ongeza laki 9 zako, kilichobaki ni kama milioni moja, hicho kina mama wa mchezo wanaweza kukusogezea zamu. Ujue tu kwamba miezi hiyo deni halishuki hata shilingi, na uulize ratiba mpya itakugharimu kiasi gani mpaka mwisho. Mteja ambaye hajawahi kuchelewa husikilizwa. Aliyekwisha kuchelewa huanza kwa kuulizwa amejificha wapi.

Unaweza kuomba nyongeza ya mkopo, ila sikupi matumaini makubwa, dhamana yenyewe iko chini haina hedi. Mikopo ya kausha damu usiiguse, hata wakikwambia ni ya wiki moja.

Bima kubwa ni ya ajali, moto na wizi. Injini kuchemka kwa ubovu wake haimo. Lakini ukibadili injini, bima inakuhusu kwa namna nyingine: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi na kwenye bima. Injini mpya ina namba mpya, kwa hiyo benki, bima na TRA wote wajulishwe, la sivyo siku ya ajali utaanza kujieleza gari hili ni lipi. Ni sababu nyingine ya kumsikiliza Fundi Chuda.

Jibu swali lake la mwisho, nami naongeza langu: yadi walikuandikia nini, na walikwambia nini kuhusu injini?

Dogo wa Kange

Mzee nimenyoosha mikono. Hiyo ya laki na nusu sikuipigia hesabu.

Mama Pilau wa Makorora

Shikamoo mzee wangu, na fundi ahsante sana. Nimetoka gereji sasa hivi.

Fundi wangu anasema ndiyo, imeshafunguliwa zamani. Kuna silikoni nyekundu kwenye maungio ya mbele, na matundu mawili ya nyuma yana nyuzi za kuwekewa, moja limetoka pamoja na bolti yake. Nimepiga picha. Na themostati, kile kidude kinachopima joto na kufungulia maji ya kupoza injini, haimo kabisa! Pale inapokaa ni patupu.

Karatasi ya mauziano ina mstari unasema "gari limeuzwa kama lilivyo". Lakini nina ujumbe wa WhatsApp wa mwenye yadi, nilimuuliza kabla sijalipa kama injini ina historia ya kuchemka. Kaandika: "Dada hiyo injini haijaguswa, bado ya Japani kama ilivyoshuka." Upo mpaka leo. Je, unasaidia chochote na ule mstari wa "kama lilivyo"?

Mzee wa Mikanjuni

Marahaba mwanangu. Unasaidia, na sasa mpangilio wa mambo umebadilika. Usimruhusu fundi aendelee kwanza.

"Kama lilivyo" humlinda muuzaji dhidi ya ubovu, haumlindi dhidi ya uongo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema ridhaa iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Utetezi wao wa kawaida ni kwamba mnunuzi angeweza kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Hapo wewe uko vizuri: uliuliza waziwazi, ukajibiwa, na nyuzi za ndani ya bloku hazionekani mpaka hedi ivuliwe. Hakuna yadi itakayokuruhusu kuvua hedi kabla ya kununua. Ipo pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kwa muuzaji ambaye biashara yake ndiyo hiyo ya magari, inaweka masharti ya ubora hata kama hayakuandikwa, isipokuwa kwa kasoro ambazo ukaguzi wako ulipaswa kuziona. Mtu binafsi aliyekuuzia gari lake la nyumbani angekuwa habari nyingine.

Lakini sikushauri udai kurudisha gari na kurudishiwa milioni 15 na nusu. Umelitumia miezi kadhaa, benki imo katikati, mtavutana mpaka tairi zioze. Dai gharama za matengenezo na za kulivuta. Hizo zina risiti na zinaeleweka.

Mwandikie barua. Eleza ulichoambiwa, nakili ujumbe wake neno kwa neno, eleza fundi alichokuta, taja kiasi, mpe siku 14. Mwambie anakaribishwa kuja na fundi wake akague kabla hujaanza kutengeneza. Hili ni muhimu, usilitengeneze kabla hajapewa nafasi ya kuona, vinginevyo atasema ulivuruga mwenyewe. Atie saini nakala yako, akikataa mpelekee mbele ya mjumbe. Mpwa wako aandike yake pia kuhusu siku ya Lushoto, kwa sababu swali la kwanza la mwenye yadi litakuwa kwa nini dereva aliendelea baada ya mshale kupanda. Hapo atapata mahali pa kukupunguzia, jiandae.

Akikaidi, kuna Tume ya Ushindani kwa malalamiko ya mlaji, na kuna Mahakama ya Mwanzo kwa madai. Akikupa nusu papo hapo, mimi ningechukua. Kesi ya milioni 2 na laki 8 inaweza kula harusi zako zote za mwaka.

Haya yote hayagusi benki. Rejesho lake linakwenda kwa tarehe yake, barua ya kuomba nafuu inakwenda wiki hiihii.

Fundi Chuda

Naongezea kwa upande wa gereji. Gasketi ya zamani, bolti zote na ile iliyotoka na nyuzi, weka kwenye mfuko uandike tarehe, kaa nazo wewe, siyo fundi. Gereji huwa zinatupa. Fundi aandike kwa mkono wake alichokuta na aweke saini. Hedi isiende kwa watu wa mashine mpaka yadi waione.

Hiyo themostati ndiyo tabia inayoniudhi kuliko zote. Mafundi wengi wanaitoa wakisema nchi yetu ya joto haihitajiki. Wanaitoa kuficha kuchemka, gari inapoa ikiwa tambarare, Tanga na Muheza huioni shida, ukiipandisha Soni na mzigo inasema ukweli wake. Mtu aliyefungua injini yako mara ya kwanza alijua. Ipigie picha hiyo sehemu tupu, nayo ni ushahidi.

Ikija kufungwa hakikisha themostati mpya, mfuniko mpya wa rejeta, rejeta isafishwe ndani, na feni zote mbili za umeme zijaribiwe. Watu wanatengeneza hedi kwa mamilioni wanarudishia mfuniko wa rejeta uliochoka.

Mama Pilau wa Makorora

Nawaletea habari. Barua ya mwenye yadi ameipokea na kusaini. Mwanzo alikuwa mkali, nilipomsomea ujumbe wake mwenyewe akakaa kimya, kisha akasema yeye aliinunua kwa mtu na hakujua. Amekuja na fundi wake, wakatazama matundu, fundi wake hakubisha. Sasa anasema atatoa milioni 1 na laki 2 na spea za rejeta, mambo yaishe. Nimemwambia aandike, na nimetaja milioni moja na nusu. Tunavutana kwenye hiyo laki 3.

Benki wamekubali riba tupu kwa miezi miwili, siyo mitatu, na muda wa mkopo wameusogeza mbele kwa miezi hiyohiyo. Rejesho la mwezi huu nimeshalipa kamili. Dalali wa milioni 6 kapandisha mpaka 7, sijamjibu. Harusi ya kwanza nitakodi kirikuu, ya pili inshallah nakwenda na yangu.

Fundi, nina moja tu. Huku wananiambia nitumie maji ya kisima yaliyochemshwa, kulanti, yale maji ya dukani ya kupozea injini, ni ghali bure. Na wengine wanasema ya kijani, wengine nyekundu. Niweke ipi?

Fundi Chuda

Milioni moja na nusu usishuke haraka, spea za rejeta hazimuumi.

Maji ya kisima hapana, yachemshwe yasichemshwe. Yana chumvi, na bloku ya aluminiamu inaliwa taratibu. Weka kulanti nyekundu ya Toyota. Ikiwa ni ile nzito, changanya nusu kwa nusu na maji ya betri. Iliyokwisha kuchanganywa mimina hivyohivyo. Ya kijani usiichanganye na nyekundu, osha mfumo wote kwanza. Wakimaliza kujaza, waiache ingurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe, heta ya ndani ikiwa kwenye joto. Siku ya kwanza zungukia Raskazone na kurudi, usianze na Lushoto.